Perege wanakufa kila siku na shemeji anataka tuvune Jumamosi tupeleke Mbuyuni

Shikamoo Bwana Samaki,

Mi ni mama wa watoto wawili, nakaa Mabogini hapa chini ya Moshi. Mwaka jana nilichimba bwawa la perege nyuma ya nyumba, mita 20 kwa 15, maji natoa kwenye mfereji huu wa skimu unaopeleka maji kwenye mpunga. Juu ya bwawa nimejenga banda la kuku wa mayai 80, tulifundishwa kwenye kikundi kwamba kinyesi kikidondoka maji yanakuwa ya kijani na samaki wanapata chakula cha bure. Mwezi wa pili nikapandikiza vifaranga 3,000. Hela ni ya VICOBA na bado nina marejesho manne.

Miezi yote walikuwa wazuri tu, wanakimbilia chakula mpaka maji yanachemka, wengi wamefika kama gramu 150 sasa. Juzi kati shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akasema tuwapange kwa saizi, wakubwa tuwahamishie kibwawa kidogo cha pembeni, basi tukaazima wavu kwa jirani mwenye bwawa huko chini tukavuta bwawa zima, ilikuwa siku ya manyunyu na baridi ile ya mikono kufa ganzi, na tulipomaliza tukakuta kibwawa kinavuja tukawarudisha wote kulekule. Nikasema haina shida, wako hai.

Baada ya siku tano hivi nikakuta saba wanaelea. Kesho yake 15. Halafu 40. Sasa hivi nimeshahesabu zaidi ya 300 waliokufa. Wana wekundu tumboni na kwenye mashina ya mapezi, wengine wana vidonda vya duara kama sarafu ya shilingi mia, matumbo yamejaa, jicho limetoka nje, nilimpasua mmoja yakatoka maji ya njano yenye damu. Alfajiri nawakuta wamejazana pale maji yanapoingilia wanapumulia juu, jua likichomoza wanatawanyika. Chakula hawali kama zamani ila mi naendelea kumwaga kilo 12 kwa siku nikiamini watapata nguvu. Waliokufa natupa kwenye mfereji maji yanawachukua.

Nikaenda duka la dawa za mifugo nikaelezea, kijana akanipa ule unga wa njano wa OTC wa kuku, tena nilikuwa naujua maana kuku wangu nawapa kila mwezi kuzuia magonjwa. Akasema mwaga bwawani, wakizidi kufa ongeza mara mbili. Jana Alhamisi nimemwaga pakiti tatu. Leo wamekufa 52.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki. Jumatano shemeji aliwatoa 60 wale waliokuwa wamelegea lakini wanapumua, akampelekea mama ntilie mmoja pale Majengo, hela akaniletea mkononi na mi nikapokea. Kesho Jumamosi anataka tuvune wote, ameshapata mtu wa Mbuyuni anayechukua kwa jumla, anasema samaki akishakaangwa vidudu vyote vinakufa na mi nikiendelea na uoga wangu tutabaki na deni na bwawa la maiti. Mume wangu yuko machimboni Mirerani, simu inashika kwa bahati, alivyopatikana akasema msikilize mdogo wangu yeye ndo yuko hapo. Halafu shemeji anasema tukishauza tuachane na perege tuhamie kamba wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ameona video ya Bangladesh, kamba mkubwa kama kiganja, anasema wale wana ganda gumu ugonjwa hauwaingii.

Naomba unisaidie, niongeze dawa? Tuuze? Na hao kamba ni kweli?

Mama Wawili, Mabogini

---

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako niliisoma Ijumaa usiku nikakutumia kwanza neno moja, msivune, na nashukuru umenijibu kwamba mmesimamisha. Haya mengine nayaandika kwa kirefu kwa sababu msimu huu wa baridi si wewe peke yako, kuna watu wana mabwawa Kahe mpaka Usa River wanaona hivihivi.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Wekundu wa tumbo na mapezi, vidonda vya duara, tumbo kujaa maji ya damu, jicho kutoka, vyote kwa pamoja na baada tu ya kuvutwa wavu kwenye baridi, cha kwanza ninachofikiria ni bakteria anaitwa Aeromonasi. Kuna mwingine, streptokokasi, naye hutoa macho nje, ila yeye mara nyingi anaingia ubongoni samaki akawa anazunguka zunguka kama amelewa na anapenda zaidi maji yakiwa ya moto, hukuniandikia kuzunguka na huu ni mwezi wa saba. Lakini kwa macho na kwa barua mtu hawezi kuapa, maabara ndo inasema, nitafika huko.

Kitu nataka ukishike ni kwamba huyo Aeromonasi hakuja na mfereji wiki ile wala hukumnunua na vifaranga. Anaishi kwenye maji yasiyo na chumvi karibu yote, yuko kwenye tope, yuko mpaka kwenye utumbo wa samaki mzima mwenye afya. Miezi mitano alikuwa humo na perege wako wakikua. Kwa hiyo swali la kujiuliza siyo vidudu vimetoka wapi, jiulize nani amefungua mlango, na mlango ukiusoma kwenye barua yako umefunguliwa mara nne au tano.

Bwawa lako ni mita za mraba 300 na umeweka 3,000, yaani samaki kumi kwenye kila mita moja. Bwawa la udongo lisilo na mashine ya kupuliza hewa mimi sivuki wanne. Walipokuwa wadogo kama kidole haikuonekana, sasa wana gramu 150, una karibu kilo 400 za samaki wanavuta hewa kwenye shimo lilelile. Juu yao kuna kuku 80 wanadondosha mbolea mchana na usiku. Maji ya kijani ni mazuri kweli, mchana ule ukijani unatengeneza oksijeni kwa jua, ila usiku nao unapumua unakula oksijeni ileile, na wewe unajua mwezi wa sita na wa saba kwetu mlima unaweza kujifunika siku tatu nne hatuoni jua, basi inatengenezwa kidogo mchana na inaliwa yote usiku. Ndo maana unawakuta alfajiri wanapumulia juu pale maji yanapoingilia. Hiyo ilikuwa ni kengele na nadhani ililia muda kabla hata hujavuta wavu. Weka mkono majini kiganja kikiwa wazi, kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi.

Halafu ukaja wavu. Samaki ana ute juu ya ngozi, ule utelezi, na ule ndo ngozi yake ya kwanza ya kuzuia vijidudu. Ukimburuza kwenye wavu asubuhi nzima, mkajazana, magamba yakang'oka, ukamrudisha kwenye maji yenye hewa ndogo na baridi, umemchubua halafu umemtia kwenye maji yaliyojaa bakteria. Perege anapenda maji ya nyuzi 27 mpaka 30 hivi, chini ya 20 hata kula anapunguza sana, na kinga yake inalala. Na wavu wenyewe ni wa kuazima, sijui ulitoka bwawa gani na kama ulianikwa juani ukakauka. Kupanga kwa saizi si kosa, ila kunafanywa siku ya jua, samaki hawajala tangu jana, haraka haraka, na siyo mwezi huu.

Dawa sasa. Hapana, usiongeze, na pakiti hata moja isirudi majini. Oksitetrasaiklini, ndiyo hiyo OTC yako, ni antibayotiki, ukiimwaga bwawani sehemu kubwa inapotea, madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo majini yanaikamata na jua linaivunja, na kidogo kinachobaki samaki anakinyonya vibaya. Ikitumika kwa samaki inachanganywa kwenye chakula, kwa uzito wao, siku zilizopangwa, na daktari wa mifugo ndiye anaandika, na hata hapo inasaidia wale ambao bado wanakula, aliyekwisha kususa chakula haimfikii. Ila kuna jambo limeniuma zaidi kwenye barua yako na umeliandika kama kitu cha kawaida tu. Kuku wako wanakunywa OTC kila mwezi, wakiwa wazima. Kuku anatoa sehemu ya ile dawa kwenye kinyesi na kinyesi kinaenda bwawani. Maana yake dawa hiyo ilishaingia humo muda mrefu kabla ya Alhamisi, kidogo kidogo, na bakteria wanaoonja dawa kidogo kidogo bila kufa ndo hao wanaojifunza kuizoea, na wanaweza kupasiana huo uzoefu mpaka kwa bakteria wanaoumiza watu. Inawezekana kabisa wa kwako wameshaizoea. Naomba sana, kuku mzima asipewe antibayotiki ya kuzuia, ni mayai ya watoto wako hayo pia.

Cha kufanya, na anza leo hii. Acha kulisha kabisa siku mbili tatu, najua inakuuma lakini kilo 12 ulizokuwa unamwaga hazikuliwa, zimeoza chini na kuozea kwake kunakula hewa. Baadaye ukirudisha, wakati huu wa baridi kilo tatu nne kwa siku zinatosha, mpe saa nne au saa tano jua likishapasha maji, unachokiona hawajakimaliza kwa dakika 15 kesho unapunguza. Ziba sakafu ya banda la kuku leo, hata kwa turubai, kinyesi kisiende bwawani tena. Badilisha maji, robo ya bwawa kwa siku, na usitoe ya juu, toa ya chini ambako ndo kuna uchafu. Maji yanayoingia yadondoke kutoka juu yapite kwenye bati ulilolitoboa matundu ya msumari yashuke kama mvua, hapo yanabeba hewa, na muda wa kufungulia ni kuanzia saa tisa usiku mpaka jua litoke. Ila kabla hujafungulia waulize wenye mpunga huko juu kama wamepiga dawa wiki hii, wakisema ndiyo subiri. Maji yanayotoka yapeleke kwenye migomba yako, usiyarudishe mfereji.

Na hapo kwenye mfereji mwanangu nitakuambia wazi. Kutupa samaki waliokufa humo siyo sawa. Jirani yako aliyekuazima wavu yuko huko chini, umemtumia ugonjwa mpaka mlangoni kwake, na maji yetu yote haya mwisho wake ni Nyumba ya Mungu ambako watu wanavua wanakula. Nenda ukamwambie, usingoje aje kuona maiti zake. Kuanzia sasa waliokufa waokote asubuhi na jioni kwa wavu mdogo wa mkono, chimba shimo mbali na maji, mwagia chokaa, fukia, mbwa asifukue. Usimpe kambale wala nguruwe. Vaa glavu na buti, ukiwa na jeraha mkononi usiingie kabisa, Aeromonasi anaingia kwenye kidonda cha mtu pia.

Chokaa nayo watakushauri umwage humo. Ile chokaa kali iliyochomwa ni ya bwawa lililokauka, ukishavuna siku zijazo unatoa tope unapiga kilo 10 mpaka 15 kwa kila mita za mraba 100 unaacha linakauka kwa jua mpaka lipasuke. Ukiimwaga na samaki wamo utawamaliza kwa siku moja.

Maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, wana kituo cha Kanda ya Kaskazini hapo Arusha, ni kilometa 80 tu kutoka Moshi. Muone kwanza afisa uvuvi wa wilaya akupe barua na awapigie simu kuhakikisha wanapokea samaki na siku gani. Aliyeoza hana maana, kwenye samaki aliyeoza kila bakteria anaota. Chukua watatu wanne walio wagonjwa lakini hai, mfuko wa plastiki maji theluthi na hewa theluthi mbili, au kama wamekufa njiani waweke kwenye barafu wasigande, panda gari la alfajiri. Omba wakupimie na dawa ipi inamuua bakteria huyo. Jibu likija, hapo ndo tutajua kama kuna haja ya dawa kwenye chakula au maji tu yanatosha. Mara nyingi nimeona vifo vinapungua ndani ya wiki kwa maji na kuacha kulisha peke yake, lakini siwezi kukuahidi.

Kuuza, sasa. Shemeji yako hajakosea kwamba moto unaua bakteria. Lakini dawa uliyomwaga kikaango hakiitoi yote. Marekani, oksitetrasaiklini iliyoruhusiwa kwa samaki wa kufugwa kama kambale wao, mfugaji anangoja siku 21 baada ya dozi ya mwisho ndo avune, na kwenye baridi mwili wa samaki unaitoa dawa polepole zaidi. Wewe umemwaga kwa kukisia, mimi ningehesabu mwezi mzima tangu Alhamisi ile kisha nimuulize daktari kabla ya kuvuna. Na kabla samaki hajafika kwenye kikaango kuna mtu anampara kwa mikono. Toronto, Kanada, mwaka 1995 na 1996 watu waliingia hospitali mikono imevimba kwa sababu ya bakteria, huyo wao alikuwa streptokokasi, na wengi walikuwa wametoka kutengeneza samaki wabichi nyumbani, wengi wao hawahawa perege, wakachomwa na mwiba. Mama ntilie anapara samaki 60 asubuhi moja bila glavu, na mkono wake una michubuko ya kisu kila siku.

Ongea na mume wako kabla ya shemeji. Mtumie ujumbe mrefu kwa maandishi ausome simu ikishika, mwambie dawa imemwagwa Alhamisi na samaki hawaliki mpaka mwezi upite, akiwa anajua hilo hatasema tena msikilize mdogo wangu. Shemeji mwite mbele ya mama mkwe kama yupo, kwa heshima, usimwambie ulikosea, yeye alikuwa anaokoa hela ya kaka yake. VICOBA waambie ukweli wiki hii na siyo siku ya marejesho, karibu kila kikundi kina mfuko wa jamii kwa ajili ya hivi, na kikundi kinamvumilia aliyekuja mapema kuliko aliyejificha. Ukivuka salama una zaidi ya 2,500 humo, hapo baadaye uza nusu ukiwa umeshaambiwa wako sawa, walipe, ubaki na bwawa linalopumua.

Kuhusu kamba, mwambie shemeji namheshimu kwa kutafuta, ila ganda siyo ngao. Kamba yule mkubwa wa maji baridi anaugua bakteria na sana. Hilohilo ganda wanalila, unaona madoa ya kahawia halafu meusi, yanachimba shimo, miguu na mapezi ya mkia yanakatika, na anayewala ni Aeromonasi huyuhuyu na ndugu zake. Taiwan walipigwa na bakteria mwingine, laktokokasi, nyama ya kamba ikawa nyeupe kama imechemshwa akiwa bado hai. Na kamba mwili wake hauna kumbukumbu ya ugonjwa kama wetu au wa samaki, hatengenezi kingamwili, kwa hiyo chanjo kama ya samaki kwake ni ngumu. Kila anapokua anavua ganda, na saa hizo ni laini kama tambi, mwenzake aliyebanana naye anamla. Anataka maji ya nyuzi 28 mpaka 31. Pima bwawa lako kesho saa kumi na mbili asubuhi, sitashangaa ukikuta 20 au 21. Na watoto wake hawakui kwenye maji ya mfereji, wanataka chumvi kama theluthi ya maji ya bahari, jambo ambalo mtaalamu Shao-Wen Ling aliligundua Malaysia mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya kuona wanamfia kila mara. Wewe uko Mabogini, utawatoa wapi hao watoto, na kibali cha kuwaingiza nchini nani atakupa? Samaki wako wanakufa kwa kubanana na kukosa hewa, kamba angekufa humo kabla yao.

Nimalizie na wale 60. Walitolewa Jumatano kabla ya dawa, kwa hiyo waliowala wakiwa wameiva vizuri siwahofii sana, namhofia yule mama wa Majengo. Nenda leo mwenyewe, usimtume shemeji, mrudishie hela yake na umuulize kama kuna kidole kinamuuma au kimevimba tangu Jumatano, na kama kipo mpeleke hospitali uwaeleze alikuwa anapara samaki wagonjwa, hilo daktari asipoambiwa hawezi kulikisia.